Mtoto wetu alifia kwa mlezi. Tuanzie wapi kudai sheria?

*"Shikamoo mama. Mimi ni mama mkubwa wa mtoto aliyefariki miezi miwili iliyopita, akiwa na miezi mitano. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ana wiki tatu kazini, akawa anamwacha kwa mama mmoja wa mtaani anayelea watoto, karibu na stejini. Siku hiyo palikuwa na watoto kumi na wanne na yeye yuko peke yake. Alimlaza kifudifudi kwenye godoro la sponji, akamfunika leso, akaenda kupikia wengine uji. Alipomrudia saa nane mchana mtoto alikuwa wa baridi. Polisi waliandika, daktari akapasua, mpaka leo hatujaambiwa kitu. Mwenye kituo ametuletea wazee na bahasha, na karatasi ya kutia sahihi. Shemeji anataka afungwe. Mama yetu anasema ni kazi ya Mungu, tunyamaze. Mdogo wangu maziwa bado yanamtoka na hasemi na mtu. Mimi nataka sheria. Nataka iitwe kwa jina la mtoto wetu, na vituo vya namna hii vifungwe Kenya nzima. Niende kwa mbunge? Nitafute sahihi ngapi? Na nikianza kupiga kelele, si nitaharibu kesi?"*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Nilikuwa afisa wa watoto kwa miaka mingi, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni kukaa na familia kama yenu tukaandika ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa bunge. Nitakujibu kwa urefu. Ila kabla ya bunge na sahihi, kuna jambo lisiloweza kungoja: hiyo karatasi ya wazee.

Msiitie sahihi. Wazee kuja kutoa pole si kosa, ni ada yetu, na mkipokea mchango wa mazishi hamjamuuza mtoto. Lakini karatasi yenye maneno "tumesameheana na hatutafuatilia" ni kitu kingine. Kwa upande wa jinai haiamui chochote, kwa kuwa anayeamua mtu ashtakiwe au aachwe ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si familia mbili zilizokaa barazani. Hata hivyo mkishaitia sahihi itapelekwa kituo cha polisi kuonyesha kwamba mambo yalikwisha nyumbani, na kesi ya kudai fidia itawawia nzito. Wakili aisome kwanza. Kama hamna pesa za wakili, ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, na yapo mashirika kama FIDA-Kenya na Kituo cha Sheria. Msikawie: dai la uzembe dhidi ya mtu binafsi lina ukomo wa miaka 3, na dhidi ya serikali muda ni miezi 12 tu. Miwili imeshakwenda.

Sasa swali lenyewe. Naona umebeba maswali mawili kwenye kikapu kimoja. La kwanza ni nani alaumiwe kwa kifo hiki. La pili ni nini kibadilike ili mtoto mwingine asife vile vile. Yanafanana, lakini kila moja lina mlango wake, na familia nyingi nilizokaa nazo zilichoka kwa sababu ziligonga mlango wa moja zikiwa na swali la jingine.

Unaandika kana kwamba sheria haipo kabisa. Ipo, vipande vipande. Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kukingwa dhidi ya kutelekezwa na kudhulumiwa, na inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Ipo Sheria ya Watoto ya 2022. Na Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, linaitajia serikali ya kaunti kazi zake: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na, kwa maneno yake yenyewe, vituo vya kutunzia watoto. Hapo ndipo wengi hupotea. Hubeba kilio chao hadi kwa mbunge, mbunge akawapokea vizuri, wakapigwa picha, kisha wakaambiwa jambo hilo limegatuliwa, ni kazi ya kaunti. Mlango wako wa kwanza ni bunge la kaunti, na mtu wako wa kwanza ni mwakilishi wadi.

Kaunti yenu hukuitaja, na umefanya vizuri. Nenda kwa karani wa bunge la kaunti umuulize swali fupi: kuna sheria ya vituo vya kulelea watoto, kuna sera tu, au hakuna kitu? Nairobi, kwa mfano, ilipitisha sheria yake ya vituo hivyo 2017. Kwingine utakuta rasimu iliyolala kabatini tangu bunge lililopita. Ukiikuta hiyo, usihuzunike. Kufufua mswada ni rahisi kuliko kuuzaa.

Lakini sheria kuwepo ni nusu ya safari, tena nusu fupi. Nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa bado kazini nilifuatana na afisa wa afya ya umma hadi kwa mama mmoja wa kulea watoto. Chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi, watoto kumi na mmoja, dirisha limezibwa kwa katoni ili baridi isiingie. Jiko la makaa liko mlangoni, na mlango ni huo mmoja. Chupa za maziwa zimepangwa kwenye beseni, kila moja ina kipande cha plasta chenye jina la mtoto. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari la kurasa 96 ambamo aliandika nani ameamka na homa na saa ngapi mama yake amepigiwa simu. Tulipomwomba leseni alitunyooshea kidole ukutani. Ilikuwa ndani ya fremu, imelipiwa, ina muhuri. Nikaisoma: ilimruhusu kuuza bidhaa za rejareja. Ofisi ya leseni haikuwa na fungu la mtu anayelea watoto, kwa hiyo ilimwandikia duka. Mwenzangu naye alikuwa na fomu mbili mkobani, ya vyakula na ya vyoo. Akajaza ya vyoo. Tulitoka pale tumekagua choo.

Sheria ya kumlinda mtoto ilikuwepo siku ile. Kilichokosekana ni fomu, na mtu mwenye kazi ya kuijaza.

Na si kwa watoto wachanga tu. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliungua, wakafa wavulana 67. Miaka 7 baadaye, 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Mwongozo mzuri, nimeusoma. Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, likaungua wakafa watoto 21, na taifa likaanza kuulizana upya nani alikuwa akikagua mabweni. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka sheria, mimi humuuliza: hiyo sheria itakaa ofisi gani, itapanda pikipiki ya nani, na mafuta ya pikipiki yatatoka fungu lipi?

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta tundu. Mtoto wenu alipita kwenye tundu gani hasa? Tuangalie kilichotokea, kama ulivyokieleza. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ndiyo yenye neno la mwisho, na wakati mwingine hata ripoti haipati jibu, kwa hiyo mimi sikwambii alikufa kwa nini. Nakwambia namna hatari yenyewe inavyofanya kazi, kama daktari wa watoto tuliyekuwa tukifanya naye kazi alivyozoea kuifundisha.

Mtoto wa miezi mitano akilazwa kifudifudi juu ya kitu laini, pua na mdomo huzama kidogo kwenye sponji. Hewa anayoitoa haiendi mbali, hukaa kwenye kile kishimo mbele ya uso, naye huivuta tena ile ile, kila mara ikiwa na oksijeni pungufu. Mimi na wewe tungeshtuka usingizini tukageuza kichwa. Yeye shingo yake bado changa, na watoto wengine ubongo wao hauwaamshi upesi inavyotakiwa. Halii, hapigi mateke. Anayepika uji hatua tano kutoka pale hasikii kitu. Mfunike leso kichwani na hatari inaongezeka.

Mlezi wenu alifundishwa nini? Yumkini alifundishwa alivyofundishwa mama yangu: mlaze kifudifudi, asije akacheua akapaliwa. Ni imani iliyoenea sana na ina mantiki yake, ila mwili haukubaliani nayo. Mtoto akilala chali, bomba la hewa liko juu na umio uko chini yake, kwa hiyo akicheua maziwa huteremka kurudi yalikotoka. Akilala kifudifudi umio ndio ulio juu. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali 1991, Marekani 1994, na katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu. Hapakujengwa kitu. Watu waliambiwa tu, wakaambiwa tena, na wauguzi wakalisema jambo hilo hilo moja kila kliniki.

Ona basi matundu yenyewe. Mlezi mmoja kwa watoto kumi na wanne. Mlezi ambaye hakuna aliyewahi kumwambia alaze vipi. Hakuna aliyewahi kuingia pale kutazama. Na mdogo wako hakuwa na mahali pa kuuliza kama pale panafaa. La tano liko mbali zaidi, nalo ni la kitaifa: likizo ya uzazi ya kisheria ni miezi 3, na chekechea ya PP1 huanzia miaka 4. Katikati ya hapo mtoto ni wa kila mtu na si wa mtu. Hilo usilianze wewe sasa, ila ulijue.

Nikija kwenye ombi lako la kufunga vituo vyote, hapo mwanangu nitakupinga, kwa upole. Hasira yako naielewa. Lakini vikifungwa Jumatatu, Jumanne watoto watakuwa wapi? Nimewakuta. Wamefungiwa ndani na kufuli huku mama ameenda kufua nguo za watu, au wako mikononi mwa dada yao wa miaka 9 aliyetolewa shule. Kifo cha huko hakisikiki hata polisi.

Hata sheria kali mno hufunga vituo bila kusema inafunga. Chukua Uingereza: kwa watoto walio chini ya miaka 2, kanuni ni mlezi 1 kwa watoto 3. Tuseme mama wa mtaani anatoza shilingi 100 kwa mtoto kwa siku. Ukiinakili kanuni hiyo jinsi ilivyo, atabaki na shilingi 300 kwa siku, na humo humo atoe kodi ya chumba, makaa, maji na sabuni. Atafanya moja kati ya mawili. Ataacha kazi, au atajiandikisha kwa watoto watatu na wengine tisa awapitishie uani. Ukishamfundisha kuwaficha watoto umeshampoteza, kwa sababu siku mmoja akiugua hataita mtu.

Mimi ningedai kwa ngazi. Yale yasiyogharimu hata senti yawe lazima kuanzia siku ya kwanza: mtoto mchanga alale chali, juu ya kitu kigumu kiasi, uso wazi, na kuwe na mtu anayemwona. Jiko likae nje ya chumba walicholala, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya gesi ya makaa inayoua bila kunusika. Mlango usifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani. Yale yanayogharimu kidogo yapewe muda, kama kuwa na mtu wa pili watoto wachanga wakizidi idadi fulani. Idadi hiyo bunge liipange baada ya kuwasikiliza walezi wenyewe. Na yale yanayogharimu sana ayabebe mwenye wajibu wa kikatiba, yaani kaunti: usajili wa bure, mafunzo ya huduma ya kwanza, fomu ya ukaguzi iliyoandikwa kwa ajili ya mahali hapo na si ya vyoo, na ziara zenye tarehe. Wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 walipewa mikoba na simu 2023 na tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Kuwaongezea swali moja, "hapa panalelewa watoto wa watu?", kungetupa orodha tusiyokuwa nayo.

Ndiyo, walezi waiteni kwenye mikutano yenu. Najua ni kumeza mwiba. Lakini mswada unaoungwa mkono na mama waliofiwa na mama wanaolea una nguvu ambayo mwakilishi wadi hawezi kuikwepa, kwa sababu wote ni wapiga kura wake.

Sahihi ngapi? Moja inatosha. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inatoa haki hiyo hiyo kwa bunge la kaunti, pamoja na kuliomba litunge, lirekebishe au lifute sheria. Sahihi elfu hupendeza kwenye magazeti, lakini nimeona ardhilhali ya mtu mmoja ikisikilizwa na ya elfu ikirudishwa kwa kukosea umbo. Sheria ya ardhilhali za Bunge la taifa ya 2012 inaruhusu Kiswahili au Kiingereza, iliyochapwa au ya mkono, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Haitaki maandishi yaliyofutwafutwa wala lugha ya matusi. Inataka useme umeshajaribu ofisi gani na ulijibiwa nini, na kama jambo liko mahakamani. Mabunge ya kaunti yana Kanuni za Kudumu zake, nyingi zikifuata mtindo huo huo. Mwombe karani nakala, ni kazi yake kukupa.

Hilo la "umeshajaribu ofisi gani" lina maana kubwa kwako. Kabla ya ardhilhali, andika barua kwa kaunti chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza: vituo vilivyosajiliwa ni vingapi, nani anavikagua, kimoja kimoja kilikaguliwa lini mara ya mwisho, na mwaka huu wa fedha zimetengwa shilingi ngapi. Wana siku 21 za kujibu. Wakijibu, umepata tarakimu zao wenyewe. Wakinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, na kimya chao ukibandike kwenye ardhilhali kama kiambatisho.

Kisha ombi lenyewe, mwishoni mwa ardhilhali. Hapa ndipo machozi ya familia nyingi hupotelea. Niliwahi kuletewa ardhilhali iliyoandikwa vizuri sana, kurasa nne, unaisoma unalia, na mwisho wake ikaomba "serikali ichukue hatua". Serikali ikajibu kwamba imechukua hatua. Ikaishia hapo. Omba kitu ambacho baada ya mwaka mmoja unaweza kuuliza "mmefanya au hamjafanya?" na jibu likawa neno moja.

Wazazi wa Stockport, Uingereza, walilijua hilo. Mtoto wao wa miezi 9 alikabwa na chakula kwenye kituo cha kulelea watoto 2012. Wangeweza kudai usalama kwa jumla, lakini walishikilia jambo moja: walezi wajue huduma ya kwanza ya watoto. 2016 kikazinduliwa cheti cha vituo vinavyowafunza walezi wao wote, kikaitwa Millie's Mark kwa jina la binti huyo, kisha kanuni ikabadilishwa ili walezi wapya wenye sifa za kazi hiyo wawe na mafunzo hayo kabla ya kuhesabiwa katika idadi ya walezi wanaotakiwa.

Nakutajia na Meksiko, kwa sababu utahitaji kujua safari inaweza kuwa ndefu kiasi gani. Tarehe 5 Juni 2009, mjini Hermosillo, moto ulitoka kwenye ghala la serikali ya jimbo ukaingia kituo cha ABC kilichokuwa jengo moja nalo. Walikufa watoto 49. Mtu mmoja aligonga ukuta kwa gari lake la pikapu ili kufungua njia ya kuwatoa. Kituo kile hakikuwa cha uchochoroni: kiliendeshwa kwa mkataba na shirika la taifa la hifadhi ya jamii. Wazazi waliandamana mwezi baada ya mwezi, na sheria ya nchi nzima ya vituo vya watoto ilitoka Oktoba 2011. Jina lake rasmi ni refu, lakini watu wanaiita Sheria ya 5 Juni. Ilichukua zaidi ya miaka 2, kwa vifo 49 vilivyoonekana dunia nzima. Kifo chenu ni kimoja, na hakikuoneshwa kwenye televisheni. Jipangeni hivyo.

Kuna kalenda moja ambayo wanaharakati wengi hawaijui, na mimi naiona kubwa kuliko maandamano. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, lakini pesa zake huanza kugawanywa mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kila hatua ina ushirikishaji wa umma, kwa kawaida kwenye ukumbi wa wadi, saa tatu asubuhi, watu ishirini na soda. Nenda. Simama useme sentensi moja: tunaomba fungu la ukaguzi wa vituo vya kulelea watoto. Sheria iliyopita bila fungu lake ni ile leseni ya rejareja ndani ya fremu.

Je, kelele zitaharibu kesi? Zinaweza, ukizielekeza kwa mtu. Ukizielekeza kwenye kanuni, hapana. Usiandike mitandaoni kwamba fulani ni muuaji, wala usitume picha ya nyumba yake. Ataweza kukushtaki kwa kumchafulia jina, na wakili wake atadai kesi imeshaamuliwa mitaani. Kama karani amekuthibitishia hivyo, sema "hakuna kanuni inayosema mlezi mmoja asilee watoto wachanga zaidi ya wangapi". Hilo ni kweli, mlezi apatikane na hatia au asipatikane. Kesi ikiwa tayari mahakamani, litaje hilo ndani ya ardhilhali, na uombe bunge lishughulikie sheria, si hukumu.

Kuhusu kesi yenyewe, shemeji aende kituo cha polisi na kitambulisho na namba ya OB (ile ya kitabu cha matukio cha polisi), aulize kwa maandishi faili iko wapi na ripoti ya maiti imefika au la. Miezi miwili ya kimya si ajabu, lakini hailazimu kuvumiliwa. Kama hakuna mashtaka, ipo njia ya hakimu kuchunguza chanzo cha kifo hadharani chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Wakili anaweza kuiombea familia. Mimi huipenda njia hiyo kwa familia kama yenu, kwa sababu hakimu hutafuta kilichotokea, na mara nyingi kilichotokea ndicho hasa ardhilhali inachokihitaji.

Jina la mtoto. Wewe ni mama mkubwa wake, ni mama yake pia, hilo halina ubishi. Lakini aliyembeba tumboni hajasema, na jina likishatoka halirudi. Litaandikwa na watu wasiomjua, litatajwa kwenye mabishano ya kisiasa, litaulizwa na wanahabari kila mwaka tarehe ile. Kuna akina mama linalowapa nguvu, na kuna wanaotamani wangelificha. Anza kampeni bila jina. Mdogo wako akifika mahali akataka litajwe, mwenyewe, bila kusukumwa, litaongezwa. Kuongeza ni rahisi.

Mama yenu anayesema ni kazi ya Mungu msimgombeze. Wengine huomboleza kwa kunyamaza, nawe unaomboleza kwa kutembea na faili. Kaa naye umweleze kwamba hukatai majaaliwa. Unauliza tu kuhusu watoto kumi na watatu waliokuwa chumba kile kile siku ile, na kesho yake walirudishwa wapi.

Na sasa mdogo wako, ambaye kwangu ndiye wa haraka kuliko bunge. Mtu aliyefiwa na mtoto akakaa miezi miwili hasemi na mtu anahitaji kuonwa uso kwa uso. Mpeleke hospitali yenye kliniki ya akina mama au ya afya ya akili wiki hii. Akisema hata kwa mzaha kwamba anatamani kumfuata mtoto, akiacha kula, au akianza kusikia mtoto akilia usiku, hiyo si ya wiki hii, ni ya leo leo, na msimwache peke yake usiku. Mwambie, hata kama hakujibu, kwamba kwenda kazini hakukumuua mtoto. Atakuwa anawaza hilo.

Maziwa nayo yana dawa. Asiyakamue mpaka yaishe, maana kifua kitadhani mtoto yupo na kitaongeza. Akamue kidogo tu ya kupunguza maumivu, avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana, aweke kitambaa cha maji baridi. Akipata homa, au titi likawa jekundu na gumu upande mmoja, aende kliniki siku hiyo hiyo. Nenda naye. Mkifika dirishani muuguzi akauliza "mtoto yuko wapi?", kama wanavyouliza wote, mjibu wewe.